Wanawake Elfu Moja na Sukari ya Mimba

Ugonjwa wa kisukari unaujua, au umewahi kuusikia. Mgonjwa huona kiu mara kwa mara. Hukojoa sana. Hukonda ingawa anakula. Lakini iko sukari ya aina nyingine, isiyopiga kelele. Humpata mwanamke akiwa na mimba, na mara nyingi haina dalili yoyote. Mama anakula, analima, anacheka na wenzake. Sukari imezidi katika damu yake, na yeye hajui. Wataalamu huiita kisukari cha ujauzito. Kina mama wa darasa langu huiita sukari ya mimba, nami nitaiita hivyo.

Mimi si daktari. Ni mratibu wa elimu ya watu wazima katika tarafa moja ya Mkoa wa Morogoro. Nina cheti cha kufundisha watu wazima, na kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo. Naandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, sukari ya mimba ilinipata mimi mwenyewe mwaka 2021. Ya pili, wanakisomo waliniuliza swali ambalo mimi pia nilimwuliza daktari wangu. Waliuliza hivi: "Wamejuaje?" Wamejuaje kwamba kumtibu mama kunamsaidia mtoto? Nani alijaribu, na alijaribu kwa nani? Hilo ni swali zuri. Mtu asikubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mwenye koti jeupe.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili lilinigusa. Mwaka 2012 dada yangu alijifungua mtoto wa kilo 4 na gramu 700. Habari ilienea kijijini kabla hajatoka hospitali. Mama mkwe wake alipiga vigelegele. Kwetu mtoto mkubwa ni sifa: mama amekula vizuri, na baba ametunza. Lakini siku ile kichwa cha mtoto kilipotoka, bega lilikwama. Wakunga walihangaika sana. Mtoto alitoka hai, ila mishipa ya fahamu ya bega ilikuwa imevutwa. Mpaka leo mkono wa kulia wa kijana yule haunyanyuki kupita kifua. Akiteka maji, hutumia mkono wa kushoto. Siwezi kusema kwamba chanzo kilikuwa sukari, maana dada hakupimwa. Tena wako watoto wakubwa wanaozaliwa na mama wasio na sukari kabisa. Ninachosema ni kwamba zamu yangu ilipofika, maneno "mtoto mkubwa" hayakunifurahisha hata kidogo.

Mimba yangu ilikuwa ya wiki 26. Muuguzi aliniambia nije asubuhi bila kula, wala kunywa chai. Alinitoa damu. Kisha akanipa maji yenye gramu 75 za glukosi. Yalikuwa matamu kupita kiasi, nikayanywa hivyo hivyo. Nikakaa kwenye benchi. Baada ya saa moja akanitoa damu tena, na baada ya saa mbili mara ya tatu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2013 namba za kufuata katika kipimo hiki. Kabla ya kula, sukari iwe chini ya 5.1. Baada ya saa moja iwe chini ya 10.0. Baada ya saa mbili iwe chini ya 8.5. Namba moja tu ikifika hapo au kuzidi, mama ana sukari ya mimba. Ikipanda sana, kwa mfano ikifika 7.0 kabla ya kula, hicho huhesabiwa kuwa kisukari chenyewe. Zangu zilikuwa 5.4, 10.3 na 8.1. Mbili zilipita mpaka.

Mama yangu mdogo alishangaa. "Mwanangu," alisema, "wewe hata soda hunywi. Sukari hiyo imetoka wapi?"

Haitoki kwenye soda peke yake. Vyakula vya wanga, kama ugali, wali, mihogo na ndizi, hugeuka sukari mwilini na kuingia katika damu. Hiyo si sumu. Ndiyo nguvu ya kulimia. Lakini sukari haiwezi kutoka kwenye damu na kuingia katika nyama za mwili bila kufunguliwa mlango. Mfungua mlango ni insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Mwanamke akiwa na mimba, kondo la nyuma hutoa vichocheo vinavyoipunguzia insulini nguvu. Ni mpango wa mwili, ili chakula kibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Basi kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Wanawake wengi huweza. Wengine kongosho huzidiwa, na sukari hupanda.

Hapa ndipo mtoto anapoingia katika habari. Sukari ya mama hupita kwenye kondo na kumfikia. Insulini ya mama haipiti. Mtoto hutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi ili kuimudu sukari ile, na insulini nyingi humnenepesha, hasa mabega na kiwiliwili. Maelezo haya yalitolewa na daktari Jørgen Pedersen wa mji wa Copenhagen, nchini Denmaki, katika miaka ya 1950. Mtoto akizaliwa na kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukatika ghafla, lakini insulini yake bado ni nyingi. Sukari ya mtoto huweza kushuka mno. Huweza kulegea, kutetemeka, hata kupata degedege. Ndiyo maana mtoto wa namna hii huwekwa kwenye ziwa mapema na damu yake hupimwa.

Sasa turudi kwenye swali la wanakisomo.

Mwaka 1964, katika mji wa Boston, Marekani, daktari John O'Sullivan na mtaalamu wa takwimu Claire Mahan walitangaza namba walizozipata kwa kupima damu ya wajawazito 752. Namba hizo zilitumika miaka mingi. Lakini angalia jambo hili. Ziliwekwa ili kujua ni mama yupi atakuja kuugua kisukari baadaye maishani. Hazikuwekwa kwa kumwangalia mtoto. Kwa hiyo madaktari wakabishana kwa zaidi ya miaka 40. Wengine walisema sukari ikipanda kidogo tu itibiwe. Wengine walisema hapana, mnawatisha wanawake bure, na mtawaongezea kupasuliwa. Kila upande ulikuwa na wataalamu wake, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumnyamazisha mwenzake.

Ubishi wa namna hii haumalizwi kwa maneno. Daktari Caroline Crowther wa mji wa Adelaide, Australia, pamoja na wenzake, walifanya jaribio. Lilianza mwaka 1993 na kwisha mwaka 2003, katika hospitali za Australia na Uingereza. Wanawake 1,000 wenye sukari ya mimba isiyo kali walikubali kushiriki. Waligawanywa kwa kura. Wanawake 490 waliingia kundi la kutibiwa. Walifundishwa chakula, wakapima sukari wenyewe nyumbani, na aliyehitaji alipewa insulini. Wanawake 510 waliingia kundi la pili. Hao walipata huduma ya kawaida ya kliniki tu.

Kwa nini kura? Nilipofika hapa darasani, mzee mmoja mkulima alieleza vizuri kuliko mimi. Alisema: "Mwalimu, ukitia mbolea shamba la bondeni, na la mlimani ukaliacha bila mbolea, kisha la bondeni likazaa, utajuaje kama ni mbolea au ni bonde?" Ndivyo ilivyo. Madaktari wangeachiwa kuchagua, huenda wangewatibu walio hali mbaya, au wale wanaofika kliniki kila mara. Kura huchanganya wote, matajiri na maskini, wanene na wembamba, ili makundi mawili yafanane. Baadaye kikionekana kitu tofauti, ni matibabu yaliyokileta.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Walihesabu watoto waliopatwa na balaa kubwa, yaani kufa, kukwama bega, kuvunjika mfupa au kuumia mishipa ya fahamu. Katika kundi lililotibiwa walikuwa watoto 7. Katika kundi lisilotibiwa walikuwa 23. Watoto waliozaliwa na kilo 4 au zaidi walikuwa 10 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, na 21 katika kila 100 kwa kundi la pili. Kupasuliwa hakukuongezeka. Ni kweli, waliotibiwa wengi zaidi walianzishiwa uchungu kwa dawa, na watoto wao wengi zaidi walilazwa kwenye chumba cha watoto wachanga kwa uangalizi. Hayo si mambo madogo kwa mama anayetaka kwenda nyumbani. Na ile hofu kwamba wanawake watatishika bure? Miezi mitatu baada ya kujifungua waliulizwa hali zao. Walioonekana kuwa na sonona walikuwa wachache katika kundi lililotibiwa: 8 katika kila 100, na wenzao 17.

Waliofariki ni watoto 5. Wote walikuwa wa kundi lisilotibiwa.

Nilipoandika namba hiyo ubaoni, darasa lilinyamaza. Kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Jambo lililowachoma zaidi ni hili. Wale wanawake 510 hawakuambiwa kwamba wana sukari ya mimba. Waliambiwa hawana. Hata wakunga na madaktari waliokuwa wakiwahudumia hawakujua. Kama dalili zingejitokeza wangeweza kupimwa na kutibiwa, lakini majibu ya kipimo kile yalifichwa. Lengo lilikuwa kuona hasa kinachotokea mahali ambapo wanawake hawapimwi.

Mama mmoja alisema, "Huo ni uongo. Wangenifanyia mimi, ningewashitaki." Mwenzake akamjibu kwamba walikuwa wametia sahihi karatasi ya kukubali, tena wakijua kuna kura. Mama wa kwanza akasema kutia sahihi si kujua. Alisema maneno hayo polepole, na wengi walitikisa kichwa, kwa maana katika darasa lile wako watu waliowahi kutia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Shamba la mmoja wao liliondoka hivyo.

Bibi mmoja, ambaye amezaa watoto tisa na kuzika watatu, alikuwa kimya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sisi hatukupigiwa kura. Sisi wote tulikuwa kundi la pili."

Waliniuliza mimi naona vipi. Niliwajibu hivi. Mwaka 1993 hakuna aliyejua kundi lipi litapona. Kama matibabu yangeonekana kuwa na madhara, tungekuwa tunawalilia wale 490. Anayejua kwamba dawa inaponya na bado akamnyima mtu, huyo ana hatia. Asiyejua, akajaribu kwa uwazi na kwa idhini, anafanya kazi inayopasa kufanywa na mtu. Lakini mimi naona idhini ya kuambiwa huumwi wakati unaumwa ni nzito mno kwa karatasi moja. Mama yule alikuwa na haki ya kukasirika. Darasa halikuafikiana, na sikulilazimisha.

Mwaka 2009 jaribio jingine lilichapishwa Marekani, la wanawake 958. Safari hii hakufa mtoto hata mmoja katika makundi yote mawili. Lakini waliokwama mabega walikuwa wachache kwa waliotibiwa, na mama zao walipasuliwa kwa uchache, tena waliopandwa na shinikizo la damu walipungua. Majaribio mawili, nchi mbalimbali, jibu limeelekea upande mmoja. Ndipo ubishi ule mkubwa ukapoa.

Wengi wanaogopa sindano. Katika jaribio la Crowther, waliohitaji insulini walikuwa 20 tu katika kila 100. Waliobaki walitosheka na chakula na kujipima. Mimi nilikuwa miongoni mwa wa namna hiyo. Niliambiwa nipunguze ukubwa wa tonge, wala si kuacha ugali. Sembe nyeupe nikabadili kwa dona. Nusu ya sahani ikawa mchicha au matembele, robo maharage au dagaa, robo ugali. Chai bila sukari. Baada ya kula nilitembea mpaka kisimani na kurudi. Majirani walidhani nina ugomvi na mume wangu.

Kwa wale ambao chakula hakitoshi, vidonge vya metformini navyo vilijaribiwa. Mwaka 2008 madaktari wa New Zealand na Australia walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 700, wengine wakimeza metformini na wengine wakidungwa insulini. Watoto wa makundi yote mawili walikuwa na hali karibu sawa. Lakini karibu nusu ya wanawake wa vidonge walihitaji kuongezewa insulini, kwa sababu vidonge peke yake havikutosha. Ukiwauliza wanawake wenyewe, walipenda vidonge zaidi. Hilo naliona la maana kwetu, maana insulini inataka ubaridi, na nyumba zenye friji katika vijiji vyangu zahesabika. Hata hivyo usimeze kidonge cha jirani yako. Kipimo chako si kipimo chake.

Kuzuia ni kugumu kuliko kutibu. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya Uingereza, ya wajawazito wanene 1,555. Nusu yao walifundishwa chakula na mazoezi kwa majuma manane. Waliopata sukari ya mimba walikuwa karibu robo katika kila kundi. Mafunzo hayakuizuia. Mwaka 2017 hospitali moja ya Madrid, Hispania, ilipata jibu jingine. Wajawazito waliopewa mafuta ya zeituni na kokwa za pistachio tangu mwanzo wa mimba walipata sukari kwa uchache kuliko wenzao: 17 katika kila 100, na wenzao 23. Mwanakisomo mmoja akauliza kama karanga zetu zitafaa. Karanga ni chakula kizuri, nilimwambia, ila jaribio lile halikuwa la karanga, na jibu la zeituni haliwezi kuhamishwa kama mche wa muhogo. Mwaka 2023 likatoka jaribio la wanawake 802 waliogunduliwa mapema, kabla ya wiki 20. Waliotibiwa mara moja walipata madhara 25 katika kila 100, na waliosubiri 31. Kwa hiyo kuwahi kliniki kuna faida, hasa kwa mama mnene, au ambaye ndugu zake wana kisukari, au aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa.

Utasema haya ni mambo ya Wazungu na ya mjini. Mwaka 2014 mtaalamu wa lishe Akwilina Mwanri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa hapa Morogoro, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa wajawazito wa Tanzania. Mjini waliokuwa na sukari ya mimba walikuwa 8 katika kila 100. Kijijini alikuwa 1 katika kila 100. Mtu anaweza kufurahi kwa namba hiyo ya kijijini. Mimi nikipita kwa pikipiki naona soda imefika hata kule ambako maji ya bomba hayajafika.

Mwanangu wa kike alizaliwa na kilo 3 na gramu 300. Mama mkwe wangu alimwangalia, akasema, "Mbona mdogo?" Nilicheka mpaka mkunga akanikataza.

Sukari yenyewe kwa kawaida hushuka baada ya kondo kutoka. Yangu ilishuka. Wiki sita baadaye nilipimwa tena, nikakutwa sawa. Lakini kongosho lililozidiwa mara moja linaweza kuzidiwa tena. Mwanamke aliyewahi kupata sukari ya mimba yuko katika hatari ya kuugua kisukari mara kadhaa kuliko mwenzake. Katika jaribio moja kubwa la Marekani walikuwamo wanawake 350 wa namna hiyo. Waliopunguza uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa juma, na waliomeza metformini, walipunguza hatari hiyo kwa karibu nusu. Mimi hupimwa kila mwaka, mwezi wa Juni, baada ya mavuno.

Somo lile lilikwisha kwa zoezi la kuandika. Kila mwanakisomo aliandika swali moja la kwenda nalo kliniki. Wanaume waliandika kwa ajili ya wake zao au binti zao. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi sita, ambaye alianza kisomo bila kujua kushika kalamu, aliandika: "Mimi nitapimwa sukari siku gani?" Alipeleka karatasi hiyo zahanati. Aliambiwa vipimo vimekwisha, arudi Alhamisi. Akageuza karatasi, akaandika nyuma yake neno "Alhamisi", akampa muuguzi kalamu atie sahihi.